Hodi ya Mchana Kweupe

Watu husema majini ni wa usiku. Wanaosema hivyo hawajakaa katika ule mji mdogo ulio ubavuni mwa jiji, ambao wenyeji wake huondoka alfajiri kwa treni na kurudi taa zimeshawashwa. Usiku mji ule una kelele za kumkimbiza hata shetani mwenyewe: redio, watoto wanaokataa kuoga, vitunguu vinavyokaangwa, majirani wanaogombania mahali pa kuegesha gari. Jini mwenye akili timamu atafuata nini hapo? Upweke wa mji ule uko mchana. Treni ya mwisho ya asubuhi ikishaondoka, mitaa yote inabaki kimya kama maji mtungini, na mtu akikohoa stesheni, anasikika sokoni.

Pembeni kote ni nyumba mpya, rangi moja, geti moja, hata walevi wakirudi hujaribu funguo zao kwenye milango ya watu. Katikati ndipo ulipo mtaa wa kale, wenye majengo ya kuta nene na milango mirefu, roshani za mbao zilizoinamia barabara, na mnara wa saa usiokubaliana na saa ya mtu yeyote. Halmashauri inajivunia mtaa huo kama mama anavyojivunia mtoto asiyefanya kazi. Imebandika kibao cha shaba kwenye kila jengo kueleza nani alilijenga na lilikuwa nini zamani: benki, ghala, nyumba ya tabibu. Jengo moja tu liliwashinda. Hakuna aliyejua nani alilijenga, wala nani alikuwa wa mwisho kulihama. Wakabandika kibao kilichoandikwa "Jengo la Kale", kana kwamba kuna aliyehitaji kuambiwa, wakaenda zao.

Chini ya jengo hilo ndipo alipokuwa akishona Bi Pini. Juu yake ndipo alipoishi na mumewe.

Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu mdomo wake haukukosa pini. Alizibana kati ya midomo, vichwa nje, ncha ndani, akizitoa moja moja kadiri anavyokunja pindo. Cherehani yake, ya kukanyaga kwa mguu, aliiweka dirishani apate mwanga, kwa hiyo alikaa ameupa mlango mgongo kutwa nzima. Mteja akipiga hodi, Bi Pini angejibuje na mdomo umejaa vyuma? Aliokota mkasi akagonga meza mara mbili, ko-ko. Hiyo ndiyo ilikuwa karibu yake. Wateja wote waliijua. Waliingia, wakakaa kwenye kiti chenye mto karibu na mlango, wakangoja mpaka mdomo utoke kazini.

Siku moja asubuhi, mji umeshanyamaza, alikuwa akikunja pindo la gauni la bibi harusi mwenye haraka zake, akasikia hodi. Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya chini na ya upole. Akagonga mkasi. Nyayo zikaingia taratibu, nyepesi kama za mtu aliyevua viatu, na kiti cha wateja kikalia kidogo kama kinavyolia kikikaliwa. Bi Pini akamaliza pini zake, akazitema kiganjani, akageuka kwa tabasamu lile la kazi.

Hapakuwa na mtu.

Mto wa kiti ulikuwa umebonyea katikati. Akautazama. Ukaanza kuumuka polepole, kama mkate, mpaka ukarudi sawa. Na hewani palikuwa na harufu aliyoijua kuliko harufu yake mwenyewe, ya sabuni ya mche na grisi. Ilikuwa harufu ya mumewe.

Mumewe alikuwa fundi wa lifti katika maghorofa ya jijini. Alitoka giza, akarudi giza. Walipooana alikuwa msemaji, mwenye vichekesho vya kumvunja mtu mbavu, lakini miaka ya treni ilikuwa imemkamua. Siku hizi alirudi, akala, akasema "chakula kitamu" hata kama ni wali wa jana, akalala kabla sahani haijaoshwa. Bi Pini hakumlaumu. Alimpenda, na alikuwa mpweke, na mambo hayo mawili yanaweza kukaa katika moyo mmoja bila kusalimiana. Kwa hiyo aliposikia harufu ile alijicheka. Akajiambia ni shati la mumewe lililo kwenye kapu la nguo za kurekebisha, akarudi kwenye gauni.

Siku chache baadaye hodi ikarudi. Akagonga mkasi. Safari hii, kabla hajazitema pini, sauti ikasema nyuma yake, karibu kabisa:

"Umeshakula?"

Bi Pini akaruka, kisha akazitema pini. "Alaa! Umenitisha, mume wangu. Umerudi saa hizi, kuna nini?"

"Nimerudi tu. Shona, usigeuke, mshono utakwenda upande."

Akashona. Sauti ikaongea naye mchana kutwa. Ilimuuliza habari za mgongo wake, ikamkumbusha mvua iliyowakuta siku ya posa wakajibanza chini ya meza ya muuza magazeti, ikamchekesha mpaka akakosea mkono wa blauzi. Kisha nyayo zikapanda ngazi kwenda juu, nyepesi, ngazi hazikulia hata moja. Alipomaliza akapanda kumpikia chai. Vyumba vilikuwa vitupu. Kitandani, upande wa mumewe, palikuwa na shimo la mtu aliyelala.

Jioni mumewe aliingia na mfuko wake wa spana, uso umemlegea kwa uchovu.

"Mchana si ulikuja?" Bi Pini akamuuliza.

"Mchana?" Akacheka bila nguvu. "Mchana nilikuwa nimening'inia kwenye shimo la lifti, mke wangu, ghorofa ya juu kabisa. Labda ulikuja wewe kuniona."

Hapo mtu mwingine angepiga kelele. Bi Pini akapakua chakula. Alijua, na akajifanya hajui, na kati ya yote aliyoyafanya hilo ndilo baya zaidi, tuliseme wazi. Kesho yake alivaa lile gauni la buluu alilokuwa akiliwekea sherehe.

Ndivyo yalivyoendelea kwa majuma kadhaa. Baada ya siku za mwanzo yule mgeni hakupiga hata hodi tena. Alikuwapo tu. Mara kiti kinalia, mara harufu ya sabuni na grisi inaenea, mara "Umeshakula?" inamgusa shingoni, na yeye anajibu kwa sauti ya chini bila kugeuka, maana aliombwa asigeuke, na hakutaka kugeuka, asije akakosa cha kuona. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, mzee mmoja mcheshi aliyeweza kukunyoa na kukusengenya kwa pumzi moja, alimkuta akifungua duka akiimba.

"Bi Pini, umeokota nini?"

"Nimeokota afya, kaka yangu."

"Haya. Ukiiokota nyingine nigawie."

Lakini afya ile ilikuwa inatoka mahali. Mumewe alianza kukonda. Kwanza suruali ya kazi ilimpwaya kiunoni, naye Bi Pini akaitia ndani kidogo, akisema ni chakula cha jijini. Juma lililofuata akaitia ndani tena. Shati likaning'inia mabegani. Mtu hukonda, hilo si ajabu, maradhi yapo na shida zipo. Ila jioni moja mumewe alinyoosha mkono kuchukua chumvi, na mkono wa shati, shati ambalo Bi Pini mwenyewe alilikata na kulishona, ukashuka ukafunika vidole vyote.

Bi Pini akaacha kutafuna. Alichukua utepe wake wa kupimia, akajifanya anataka kumshonea koti, akampima kutoka bega hadi kifundo cha mkono. Akampima tena. Nyama huisha, na mafuta huisha, lakini mfupa wa mtu mzima haupungui. Fundi yeyote anajua hilo. Huo ulikuwa umepungua.

"Viatu navyo vinanitoka," mumewe akasema, akitabasamu kwa haya kama mtu aliyepoteza kitu cha kuazima. "Nimetia karatasi ndani."

Mchana uliofuata Bi Pini alikaa kwenye cherehani bila kushona, akasikiliza. Kiti kikalia kwa uzito, miguu yake ikagota sakafuni. Nyayo zilipopanda ngazi, zile ngazi ambazo mwanzoni hazikulia hata moja, kila kipandio kiliguna, na kile cha katikati kikapasuka. Nyayo zikasita. Zikashuka tena. Zikaja nyuma yake zikasimama.

"Mbona hushoni?"

Alikuwa na pini mdomoni, alikuwa amezibana kwa mazoea tu. Akazitoa. "Wewe ni nani?" akanong'ona.

"Mume wako."

"Mume wangu yuko kazini."

Ile sauti, tamu vile vile, ikasema: "Asiyekuwapo na lake halipo."

Na hapo akahisi pumzi kisogoni, pumzi isiyo na joto, na chini ya ile harufu ya sabuni na grisi, ambayo sasa alitambua ilikuwa imevaliwa tu juu juu kama koti la kuazima, ikapanda harufu nyingine, ya chumba kilichofungwa kabla wazazi wake hawajazaliwa, ya mbao zilizooza gizani na maji yaliyokaa bila kuonja jua, ikamwingia puani na kooni mpaka akawa anaimeza, na kidole kimoja, kizito, kikavu, kikaanza kufuata mshono wa gauni lake la buluu kutoka begani, taratibu, kikishuka na kona zote za ule mshono bila kukosea hata mahali pamoja, kama kidole cha fundi anayekagua kazi, mpaka kengele ya baiskeli ikalia huko barabarani, kidole kikaondoka, na yeye akajikuta amesimama nje katikati ya barabara, mkasi mkononi, jua la mchana likimwangaza na mtaa mzima mtupu.

Kinyozi alimkalisha kwenye kiti cha kunyolea, akampa maji. Hakumfanyia mzaha. Alimwacha anywe, kisha akavuta stuli akakaa.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini, "mimi mtaa huu nauona kiooni. Mgongo wangu uko barabarani, macho yangu yako kwenye kioo, anayepita namwona hapo. Ule mwezi uliopita nilisikia mtu anapiga hodi kwako. Nikainua macho kiooni. Mlango wako uko wazi, hakuna mtu. Nikasikia mkasi wako, ko-ko. Nikasema labda nazeeka."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaimba," kinyozi akasema. "Nani humwambia mtu anayeimba jambo kama hilo?"

Ni kinyozi aliyemwita mganga. Akaja kutoka jijini kwa treni ya katikati ya asubuhi, ile inayokuja tupu, akashuka peke yake: mzee mnene, kifuko cha ngozi begani, akilalamika kuhusu ngazi za stesheni. Aliingia dukani, akavuta hewa mara moja, akaacha kulalamika.

"Huyu ni wa humu humu," akasema. "Ni mkaaji wa siku nyingi. Majengo kama haya hayakosi. Lakini mkaaji wa zamani hukaa ukutani, binti yangu, hamgusi mtu mpaka akaribishwe. Nani alimkaribisha?"

"Sikusema neno, mzee. Niligonga mkasi."

"Bila kugeuka?"

"Bila kugeuka. Ndiyo kazi yangu."

Mganga akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Wewe ulifungua mlango hata hukumwangalia anayeingia. Sasa anajijenga kwa mwili wa mumeo. Akimmaliza, hutakuwa na waume wawili. Utakuwa na mmoja, naye ni huyu."

Bi Pini akaanza kulia. Hakulia kwa aibu, alilia kwa hofu ya kumpoteza yule mtu mchovu anayesema chakula kitamu.

"Anatolewa," mganga akasema. "Nitafukiza nyumba nzima, moshi utamsukuma nje. Akiwa nje atapiga hodi arudi. Wewe kaa pale pale ulipokaa siku ile, mgongo mlangoni, bila pini. Mfukuze kwa mdomo wako. Wala usigeuke! Atakuwa na sura ya mumeo, na ukimwona moyo utalainika, na neno lisilo na moyo kwa majini si neno. Lakini moshi wangu una sharti moja. Humtoa yule tu aliyekataliwa na wenye nyumba wote. Mumeo anajua mambo haya?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema kweli. Bi Pini aliona gauni la buluu, akasikia vicheko vyake mwenyewe vya mchana, akawaza mumewe akisikia kwamba mkewe alimpenda mwingine kwa sababu alifanana na yeye wa zamani.

"Anajua," akasema.

"Naye amemkataa?"

"Amemkataa."

"Basi kesho," mganga akasema. "Na mumeo asikaribie hapa mpaka jioni."

Alfajiri iliyofuata alimkuta mumewe ameketi kitandani, anatia karatasi kwenye viatu. Alikuwa mdogo mno katika sare yake. Bi Pini akafungua mdomo amwambie. Mumewe naye akainua uso wakati ule ule.

"Kuna jambo nataka tuzungumze," akasema.

"Jioni, mume wangu. Utachelewa treni."

"Haya. Jioni." Akamshika shavu kidogo, jambo ambalo hakuwa amelifanya siku nyingi, akaenda.

Mganga alifukiza kila chumba, chini ya kitanda, nyuma ya kabati, ngazini, akisoma kwa sauti nzito mpaka jasho likamtiririka. Kwenye kile kipandio kilichopasuka akasimama kidogo, akakunja uso, akafukiza tena. Alipomaliza akaenda mlangoni.

"Mimi nikiwepo hatapiga hodi," akasema. "Nakwenda stesheni. Kaza moyo, binti yangu."

Bi Pini akaukomea mlango nyuma yake, akakaa. Akaweka mikono kwenye mapaja isishike kitu. Dirishani mtaa wa kale ulikuwa mweupe kwa jua, roshani tupu, milango imefungwa, hakuna mbwa wala karatasi inayopeperuka. Moshi ulitanda kichwani kwake. Hakusikia kiti wala ngazi, na hilo likampa moyo. Akasubiri mpaka shingo ikakakamaa kwa kutogeuka.

Ndipo hodi ikaja. Ilitoka nje ya mlango, dhaifu, sauti ya mtu aliyepungukiwa na pumzi.

"Hodi. Mke wangu, nifungulie."

Kweli moshi umemtoa, akawaza, na nguvu zimemwisha.

"Toka," akasema.

"Ni mimi. Siko sawa. Mbona umekomea mlango?"

Sauti iliigiza vizuri mno. Ilikuwa na uchovu, ilikuwa na aibu ya kusumbua watu, ilikohoa kama anavyokohoa mumewe, na mkono ukakwaruza ubao kwa chini, chini kuliko mahali ambapo mkono wa mwanamume mzima hugonga, na kila sehemu ya mwili wa Bi Pini ikataka kugeuka na kwenda pale mlangoni, naye akang'ang'ania kingo za meza ya cherehani mpaka kucha zikauma, akafumba macho, akakusanya moyo wake wote, hofu yake yote na mapenzi yake yote kwa mume wake, akayatia kwenye maneno yale.

"Sikutaki! Nyumba hii si yako, mimi si mke wako! Nenda ulikotoka, usirudi!"

Mkwaruzo ukakoma. Kitambo kirefu kikapita. Kisha viatu vikaondoka, vikiburuta, kama viatu vikubwa kwenye miguu midogo. Bi Pini akaangusha kichwa juu ya meza akalia kwa furaha.

Taa zilipowaka na treni za jioni zikamwaga watu wao, alikuwa juu, jikoni. Akasikia nyayo zinapanda. Nzito, za mwanamume mwenye afya. Mumewe akasimama mlangoni mwa jiko, na sare ikamkaa mwilini kama siku ile Bi Pini alipoishona, mabega yamejaa, mikono imefika pale pale inapotakiwa. Bi Pini akatupa mwiko akamkumbatia.

"Umepona! Mungu wangu, umepona kwa siku moja!"

"Nimepona," akasema kwa upole. "Umeshakula?"

Wakakaa mezani. Alikuwa anampakulia kipande cha pili simu yake ilipoita. Alikuwa mfanyakazi mwenza wa mumewe.

"Shemeji, samahani kukusumbua. Nilitaka kujua mgonjwa anaendeleaje. Tulimrudisha nyumbani asubuhi, hali haikuwa nzuri. Lakini alikuwa na furaha, bwana! Ameomba ahamishiwe karakana ya hapo hapo mjini kwenu, mshahara mdogo lakini mchana atakuwa karibu na wewe. Amekubaliwa. Hajakwambia?"

Bi Pini akatazama ng'ambo ya meza. Mtu yule alimtazama pia, akitabasamu, mikono imetulia kando ya sahani. Macho yake hayakuwa yamepepesa tangu aketi. Na sasa harufu ya chakula ilipopungua, akaisikia ile nyingine chini yake.

"Anaendelea vizuri," akasema kwenye simu, akaikata.

"Nani huyo?"

"Mteja."

Aliyekwisha kuwa mwenyeji hapigi hodi. Wazo hilo lilimjia lote kwa pamoja. Mumewe hakuwahi kumkataa huyu, kwa hiyo moshi haukumtoa hata mara moja. Mchana ule wote alikuwa humu ndani, kwenye ngazi, ametulia, akimsikiliza akimfukuza mume wake kwa moyo wake wote.

Chini, katikati ya redio na vilio vya watoto na milango ya magari, ikaja sauti hafifu barabarani. "Hodi."

"Usijibu," mtu yule akasema, bila ukali wowote. "Ulishamwambia."

Bi Pini akasimama. Hakuwa na uwezo wa kumwingiza aliyemfukuza, alilijua hilo bila kuambiwa na mganga yeyote. Ila hakuna aliyemfunga yeye asitoke.

"Ukitoka, mimi nabaki," ile sauti ikasema nyuma yake.

"Baki," Bi Pini akasema.

Akashuka ngazi gizani, akivuka kile kipandio kilichopasuka, akiacha nyuma cherehani yake, nguo za watu, kitanda chake na kila kitu alichowahi kukinunua, akafungua mlango.

Mumewe alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha kinyozi, ng'ambo. Sare ilimmeza. Ilibidi Bi Pini autafute uso wake ndani ya kola.

"Nimezunguka mpaka jioni," mumewe akasema. Hakuwa na hasira, na hilo likamuumiza zaidi. "Kila nikikaribia mlango miguu inakataa. Kwa nini ulisema hunitaki?"

Bi Pini akapiga magoti mbele yake, hapo hapo barabarani, watu wakipita na mifuko yao ya sokoni. "Sikusema na wewe. Nilikuwa na mgeni mchana. Alikuwa na sauti yako, na mimi nilikuwa mpweke, nikanyamaza. Nikampenda. Nisamehe."

Mkono mdogo ukatoka ndani ya shati refu, ukatafuta mkono wake, ukaushika. Ulikuwa na joto.

"Tuondoke hapa," akasema.

Wakasimama. Walikuwa bado hawajafika kwenye kona ya mnara wa saa walipoisikia cherehani. Ilianza taratibu, ikashika kasi, ikashona mshono mrefu ulionyooka.

"Nani anashona?" mumewe akanong'ona. "Si ulisema amechukua sauti yangu? Mimi sijui kushona."

Bi Pini alikuwa anasikiliza. Kila fundi ana mguu wake kwenye pedali, kama kila mtu alivyo na mwandiko wake: mmoja hukimbia, mwingine huvuta, mwingine husita kila anapofika kwenye pindo nene. Mguu ule ulikimbia, ukasita, ukakanyaga mara mbili kwa wepesi kabla ya kuvuka. Miaka ishirini alikuwa amekanyaga hivyo hivyo. Ulikuwa mguu wake mwenyewe.

Mlangoni mwa duka alikuwa amesimama jirani, amerudi na treni, ana suruali mkononi ya kupunguza. Akapiga hodi.

Mkasi ukagonga meza, ko-ko, naye akaingia.